Mtoto Aliyelazwa Mapema

Watu wa mtaa wa Nguba walikuwa na maneno mengi juu ya Vrajlal, na mengi yalikuwa ya uongo. Walisema Mhindi yule amebaki Bukavu kwa sababu amefukia dhahabu chini ya sakafu. Dhahabu ya wapi! Duka lake la vitenge liliporwa vita vya kwanza, likaporwa tena vita vya pili vilipoanza, na sasa ndani mlikuwa na rafu tupu na panya wachache wenye njaa. Mkewe, Nirmala, alivuka mpaka na watoto zamani, akaenda kwao India. Wahindi wenzake wa dini moja nao walifungasha mmoja mmoja, hadi akabaki peke yake.

Kilichomweka ni mtoto. Msishangae, nitaeleza. Mtoto mwenyewe alikuwa sanamu ya shaba ndogo kama kidole gumba: Mungu Krishna akiwa mchanga, anatambaa, donge la siagi mkononi. Nyumbani kwao walimwita Thakorji, na ibada yake ilikuwa kumlea. Asubuhi anaamshwa kwa sauti ya chini, anaogeshwa maji ya vuguvugu, anavishwa nguo, anapewa maziwa. Jioni analishwa tena, kila chakula kikiwa na jani la mrihani juu yake, kisha analazwa kitandani pake na pazia linashushwa. Mama yake Vrajlal alimlea hivyo maisha yake yote, na alipokuwa anakata roho alimwachia mwanawe kazi hiyo. Kumtia mfukoni na kuondoka naye haikuwezekana. Mpakani askari walikuwa wakipekua mpaka soksi, na shaba inayong'aa wangeiona ni dhahabu.

Maziwa aliyaleta Françoise. Alikuwa karani wa chuo kikuu, jirani wa ua mmoja, na mjomba wake alifuga ng'ombe huko Mumosho. Mumewe, Cyprien, alikwenda Kinshasa kwa kazi ya juma moja, vita vikakata nchi vipande viwili, naye akabaki upande wa pili. Si mjane, si mke. Kila asubuhi alifika na chupa yake mlangoni.

"Papa Vraji, maziwa hii yote unakunywaka weye moja?"

"Iko ya mutoto," Vrajlal alijibu siku zote, na Françoise akacheka, akidhani ni mzaha wa mtu mzima aliyechoka kukaa peke yake.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwenye kicheko kile. Mwanzoni Vrajlal alikisikia tu. Baadaye akaanza kukingoja. Mwisho akajikuta anaamka anawaza shingo ya Françoise pale kitambaa cha kichwa kinapoishia, na harufu ya sabuni yake inayobaki mlangoni hata akishaondoka. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye shanga za mrihani shingoni, damu inamwenda mbio kama kijana! Alijinyima chakula. Akajimwagia maji ya baridi. Alikaa akitaja majina ya Mungu hadi midomo ikamkauka, na kati ya jina na jina akaingia Françoise na chupa yake.

Alijua vizuri anachokichezea. Kwa mila ya nyumba yao, mikono iliyomshika mke wa mtu haimgusi tena Thakorji, na Bukavu nzima haikuwa na mikono mingine ya kumwogesha yule mtoto wala kumlisha. Akianguka yeye, mtoto anakufa njaa. Ndivyo alivyoamini, na mwenye kutaka kucheka acheke.

Ikaja siku milio ya bunduki ilisikika tangu adhuhuri, upande wa Kadutu. Ofisi zilifungwa. Françoise alipita uani, uso umemsinyaa.

"Papa Vraji, leo siwezi kukaa miye moja mu nyumba. Saa kumi na moja nitakuya kwako. Tutakunywa tu chai."

"Kuya," alisema Vrajlal, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Alinyoa ndevu. Alitoa shati jeupe sandukuni. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mama yake afe: alimlaza mtoto jua likiwa bado juu. Alimfunika upesi, akashusha pazia, akafunga na mlango wa chumba. Hakutaka aone. Kwa Mungu anayeona kila kitu, mtu mzima alishusha pazia! Lakini ukimlea mtu kama mtoto, unamficha mambo kama mtoto.

Françoise alikuja amevaa gauni la kijani, lile la misa ya Jumapili. Walikaa. Chai ilipoa. Bunduki zikalia tena, karibu kidogo, Françoise akasogea. Vrajlal hakujua ni nani aliyeanza, ila aliona mkono wa Françoise umo ndani ya mikono yake, una joto, na kidole chake mwenyewe kinapapasa mshipa wa kiganja. Walikuwa kama watu waliokwisha kukubaliana.

"Hata kula sijakula leo," Françoise alisema taratibu, ili mradi aseme kitu. "Roho ilikuwa inanipiga."

Vrajlal akauachia mkono.

"Sikumulisha," alisema.

"Nani?"

"Mutoto. Nilimulalisha na njaa."

Aliinuka, akamwacha mwanamke wa watu ameduwaa kitini. Alikuwa amemshika, kwa hiyo ilimbidi aoge kwanza. Françoise alisikia ndoo nzima ikimwagika, halafu nyingine. Akamwona anapita na shuka safi kiunoni, anawasha mbabula, lile jiko la makaa, anachemsha maziwa aliyoyaleta yeye mwenyewe asubuhi, anapakua wali wa mchele wa Luberizi na dengu. Mbele ya mlango wa chumba Vrajlal aliitazama mikono yake. Ilikuwa imemshika mke wa mtu. Lakini ndani kulikuwa na njaa, na hakukuwa na mikono mingine. Akaingia. Françoise hakuvumilia, akasimama mlangoni.

Alimwona anakunja pazia. Alimwona anamnyanyua yule mdogo wa shaba kwa ncha za vidole, anamwegemeza kifuani. "Nisamehe, mwanangu," Vrajlal alinong'ona kwa Kigujarati. "Baba alikusahau." Alipokiweka chakula kidogo kile mbele ya uso ule unaotabasamu bila kinyongo, machozi yakamtoka, na alilia bila kujificha. Kule kuungua alikokufukuza miezi yote kwa maji na kwa njaa hakukuwapo tena. Hakujua kuliondoka saa ngapi. Alikuwa anapuliza maziwa yapoe, basi.

"Na miye?" Françoise aliuliza kutoka mlangoni. Hakuwa na hasira. "Nani ataamuka juu yangu, anilishe na miye?"

Vrajlal alimaliza kwanza kuyapoza maziwa. Alipogeuka, aliona mgongo wa gauni la kijani unavuka ua.

Alimlaza mtoto upya. Sahani ya wali na dengu ilibaki pale, sasa ni chakula kilichobarikiwa, na kwa desturi kilikuwa chake. Siku ile hakuwa amekula kitu kingine. Alisimama dirishani. Ng'ambo ya ua hapakuwa na moshi wa jiko. Mara ngapi alilitazama dirisha lile akitaka kitu! Sasa hakutaka kitu, na ndiyo mara ya kwanza akamwona aliyekaa ndani.

Akaifunika sahani, akavuka ua, akabisha. Françoise alifungua nusu ya mlango. Macho yalikuwa mekundu.

"Chakula ya mutoto?"

"Amekwisha kula. Hii iko yako, dada yangu."

Siku zote alimwita Madame, na katika mawazo yake alimwita majina mengine ambayo hayafai kuandikwa. Françoise alilisikia neno lile, akalielewa lote, faida yake na hasara yake. Alipokea sahani kwa mikono miwili bila kumgusa vidole.

"Aksanti, kaka," alisema, akaufunga mlango polepole.

Vrajlal alirudi kwake, akatia komeo. Alikaa sakafuni kando ya pazia, tumbo tupu, mikono mapajani, akamlilia mkewe Nirmala kwa sauti, yeye ambaye hakuwa amemlilia tangu aondoke.