Kidole cha Mfalme

Shemeji yangu, mume wa dada, alipoambiwa na daktari kwamba ana jongo, ugonjwa wa viungo ulioitwa zamani wa wafalme kwa kula kwao nyama, mimi ndiye niliyembatiza Mfalme. Mtu anayefunga bucha kila jioni na mfuko wa figo kwapani, nilimwambia, mguu lazima utamdai ushuru. Alicheka mpaka akashika gogo la kukatia nyama. Jina likamganda, hata wateja wakalizoea.

Daktari hakucheka. Alieleza, na dada akiwa palepale, kuwa asidi ya yuriki imezidi kwenye damu; kidole gumba kilichovimba ni mlango tu, maana asidi hiyo mara nyingi huandamana na presha na maradhi ya moyo na mishipa. Na presha yake tayari ilikuwa juu. Akampa vidonge vya kila siku, kidole kiume au kisiume, na tarehe ya kupimwa moyo.

Hapo ndipo ujinga wetu ulipoanza. Kila asubuhi, kabla ya kutundika nyama, nilimuuliza Mfalme kidole kinasemaje. Kikiwaka, anameza kidonge. Kikinyamaza, kidonge kinabaki koponi, kando ya mizani. Udaktari tukakiachia kidole, sisi tukabaki na visu vyetu.

Siku ya kipimo dada alimpigia shati pasi. Mfalme akapitia buchani kuniachia funguo, nami nikauliza swali langu la kila siku.

"Kimelala kama kichanga," akasema. "Ila dada yako atanichuna nisipoenda."

Mdomo wangu huu! "Utaingia kwa daktari unatembea kama bwana harusi? Watakutimua, shemeji. Nenda kikiuma."

Akacheka. Akavua shati, akalitundika kwenye ndoano tupu, akavaa aproni.

Saa nne alikuwa anapasua paja la ng'ombe. Panga likabaki kwenye mfupa, yeye akaenda chini. Hospitali walisema ni moyo, wakamfunika. Shuka lilikuwa fupi. Kidole kilichungulia nje, chembamba, hakina uvimbe hata wa dawa.

Baada ya mazishi dada alikuja buchani kuchukua shati. Akaniuliza kwa nini mumewe hakwenda.

"Kidole kilimzidi," nikasema. "Hata kutembea alishindwa."

Alilikunja shati taratibu, mikono kwanza, kisha kola.

"Ajabu," akasema. "Nyumbani aliondoka ananichezea dansi mlangoni."