Mistari ya Kaaha

Kidole gumba cha Kaaha kiliacha doa jeusi tupu, laini kama buni iliyoungua. Karani Musembi akakifuta kwa kitambaa, akakikandamiza tena karatasini. Doa.

"Mama, wewe huna mistari?"

"Nilikuwa nayo," akasema Kaaha. "Kamba ya kisima imekula."

Ulikuwa mwaka wa sitini na saba, vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, na Wasomali wengi wa Garissa walikuwa wamekusanywa ndani ya kijiji cha seng'enge. Kutoka kulitaka kibali chenye alama ya kidole. Mama yake Kaaha alikuwa mahututi Modogashe.

Mimi Nkirote, Mmeru muuza chai hapo langoni, vidole vyangu vilikuwa vimeshasomwa. Mwaka uliotangulia alipita daktari mmoja akilinganisha vidole vya makabila. Kwa watu hawa, alisema, mistari ya mizunguko huzidi kidogo. Kwa wale, vitanzi. Nikamuuliza kama kidole kimoja chaweza kusema mwenyewe ni Mmeru au Msomali.

"Hakiwezi. Michoro yote imo kwa watu wote."

"Basi waambie serikali waondoe seng'enge."

Chai yangu hakuimaliza.

Basi siku hiyo ya doa nikamnong'oneza Kaaha: "Karani akiinamia muhuri, naweka changu. Huyo hata kidole cha mkewe hakijui."

Alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa mtandio. Kisha akatulia.

"Hapana, abaayo, dada yangu. Hiyo ni kidole yako. Niende kwa hooyo, mama aliyenizaa, na kidole ya mtu mwingine?"

Nami, niliyeweza kumbembeleza punda apande lori, nikaipokea hapana ile. Inaniuma hadi leo.

Tukangoja ngozi iote. Kila asubuhi nilimpelekea maji ili asishike kamba. Jioni alijipaka samli vidoleni. Mistari ikarudi hafifu, kama upepo unavyochora mchanga. Siku Musembi alipokandamiza na mzunguko mzima ukatokea, hata askari wa langoni alipiga makofi. Wangu nao ni mzunguko.

Lori likamchukua. Lilipomrudisha, alikuja kukaa kwenye benchi langu, vumbi hadi kwenye kope.

"Ulimkuta?"

"Nimekuta mawe. Udongo ilikuwa bado mbichi."

Mzaha nilikuwa nao, sikosi. Nikaumeza. Nikamimina chai, nikaketi ubavuni pake, na mteja aliyeniita nikamwacha aite.