Kaburi Alilojipa Makhanu

Jirani yangu Makhanu alipanda juu ya lile rundo la mawe, akavua kofia, akaapa mbele ya wazee kwamba babu yake amelala humo chini. Mwongo mkubwa. Sisi sote tulihamia Lugari baada ya uhuru tukalikuta. Mzungu aliyetutangulia alikuwa akilizunguka kwa trekta, na hata mzee Kipngeno, ambaye watu wake walichunga huku kabla ya huyo mzungu, alisema nao walilikuta. Walijua tu kwamba ni kaburi la watu wa kale, na kwamba anayepita huongeza jiwe kwa heshima.

Lakini kwetu, penye kaburi la babu yako ndipo penye shamba lako, na mtu akishaapa juu yake wazee hawaulizi zaidi. Wazee wakampa kipande kile, ambacho marehemu mume wangu alikuwa ameking'oa visiki kwa mikono yake. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne, nami nilikuwa mjane mbichi. Nilimchukia Makhanu hadi chakula kikanikataa.

Sikubisha. Kesho yake nilijaza karai mawe ya shambani kwangu, nikayamwaga pale.

"Unafanya nini, Mama Selpher?" akaniuliza.

"Naamkia babu yako."

Niliwaeleza akina mama wa kanisani, wakavunjika mbavu kwa kicheko, kisha wakaleta ya kwao. Huku kwetu kila anayelima ana mawe ya kutupa. Rundo likatambaa, likameza mahindi yake mstari kwa mstari. Na kuondoa jiwe kaburini ni mwiko. Hakuna kibarua aliyekubali kuyagusa.

Msimu wa tatu kipande kizima kilikuwa mawe. Makhanu akaja kwangu, kofia mkononi.

"Mama Selpher, wewe unajuanga ukweli. Ambia wazee hiyo si kaburi ya babu yangu. Nitakurudishia shamba."

"Panda pale juu uwaambie mwenyewe, Baba Wanjala. Vile uliapa."

Kwetu aliyeapa uongo kaburini hali tena na watu, na wanawe hawapati wachumba. Akaondoka bila kuaga.

Nikakumbuka mume wangu na visiki vyake. Kipande kile hakitaotesha tena hindi, la Makhanu wala langu, na hilo liliniuma mpaka nikalia. Kisha nikajaza karai.