Chumba cha Mama Mkwe

Mwaka sitini na nne nilipata kiwanja mjini Tororo, futi arobaini kwa hamsini. Masharti: nyumba moja tu, paa la mabati, marufuku kibanda cha nyasi. Mzungu aliyeyaandika alikwisha kwenda kwao. Karani wetu mweusi akayalinda kuliko mwenyewe.

Nilichora peke yangu, kwenye karatasi ya mfuko wa saruji: sebule, vyumba vitatu, makabati ndani ya kuta, jiko liegemee chumba cha mama mkwe apate joto. Mama Anjeline alikuwa na kifua kibovu, na kutoka kijijini kwake Lunyo kuja hospitali alibebwa kwa baiskeli. Mke wangu Metrine alitaka mama yake aishi karibu na dawa.

"Hiki cha pembeni ndicho chake?" Metrine aliuliza, kidole juu ya mchoro.

"Ndicho."

"Kumbe Owor una akili, si kelele za mikutano tu!"

Akaenda Lunyo na watoto kumuuguza, nami nikajenga. Miraba ya mchoro aliisoma kama boma la kwao, kila mraba nyumba ya peke yake. Sikumweleza.

Siku ya kuhamia, mama mkwe alisimama barabarani, uso kaugeuzia kando kwa heshima.

"Metrine, mwambie mume wako nyumba ni nzuri. Mwulize yangu iko wapi."

Kwetu mama hawezi kulala chini ya paa moja na mkwewe. Mimi, mtu wa maendeleo, nilidhani ukuta unatosha.

"Mwambie nitamtobolea mlango wake."

"Mlango! Akikoroma je, nizibe masikio?" Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Nilikimbia kwa karani, nikaomba kibanda cha futi nane.

"Ndugu Owor, si wewe uliyetupigia kelele tuishi kisasa? Leo wataka nyasi?"

Niliporudi walikuwa wamerudi Lunyo. Wiki ya tatu Mama Anjeline alifia njiani, akiletwa hospitali, Metrine akitembea nyuma ya baiskeli, kamshika mgongo.

Baada ya matanga Metrine alikuja kuchukua nguo za watoto.

"Ungeniuliza ule mchoro," nikasema. Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

Alifunga furushi kwanza.

"Mimi sijui kusoma karatasi, Owor. Wewe ulijua."

Akajitwika, akashika njia ya Lunyo.