Kimya cha Bénédicte

Marthe ana sauti ya kunadi dagaa, soko zima la kambi ya wakimbizi ya Nakivale linajua hilo, lakini katika kuzaa kwake kote hakuwahi kutoa hata mguno. Sifa hiyo alitoka nayo Kivu ya Kusini, akawarithisha binti zake wawili: mwanamke wa kwao huuma kitenge, halii. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini ukoo huu ulificha hata maumivu. Sifa gani hiyo, jamani! Ndiyo iliyomzika Bénédicte.

Bénédicte, binti mkubwa, alikuwa na kovu la upasuaji wa uzazi wa kwanza. Uchungu wa mimba ya pili ulimshikia nyumbani. Akauma kitenge chake vizuri kabisa, kisha uchungu ukakatika ghafla. "Maman, imeisha," alisema. Marthe akamshukuru Mungu, akaenda kukoroga uji. Kumbe kizazi kilikuwa kimepasuka penye kovu. Uji ulipoiva, hapakuwa na wa kuunywa.

Tangu hapo Marthe aliogopa kimya chochote. Hata mchana kweupe, akipalilia mahindi peke yake, alimsikia marehemu akisema imeisha.

Sasa Eliane, binti mdogo, naye mwenye kovu, alikuwa na uchungu hospitalini Mbarara, Marthe kando yake. Mkunga, ambaye wodi nzima ilimwita musawo, hakubanduka kando ya kitanda. Alisikiliza moyo wa mtoto, akapima mapigo ya Eliane, akaangalia kama kuna damu, kisha akauliza tena lile swali lake la asubuhi nzima, maana kovu linaloanza kuachia huuma hata uchungu ukipita.

"Mama, uchungu ikipita, bado unasikia maumivu hapa kwa kovu?"

Eliane akatoa kitenge mdomoni. "Hapana, musawo."

Marthe akaitazama miguu ya binti yake. Tumbo lilikuwa limelegea, uchungu umepita, lakini vidole vya miguu vilikuwa bado vimejikunja. Ndipo akasikia, karibu kabisa na sikio: Maman, imeisha.

"Anakudanganya!" Ile sauti ya dagaa iligeuza vichwa vya wodi nzima. "Inamuuma! Ni mimi nilimufundisha kunyamaza. Eliane, sema! Dada yako alinyamaza, na unajua fasi analala, kule kaburini."

Eliane alimtazama mama yake kwa aibu, kisha machozi yakamtoka. "Iko inauma, maman. Hapa kwa kovu. Haiachi."

Mkunga akarudisha kifaa tumboni. Moyo wa mtoto ulikuwa umeanza kupungua kasi. Akamwita daktari, wakaondoka na kitanda mbio hadi chumba cha upasuaji.

Kovu lilikuwa limeanza kuachia, daktari alimweleza Marthe baadaye. Mtoto, msichana, alikuwa mzima, na mama yake pia.

Eliane alipozinduka, maumivu ya mshono yakampanda, mkono ukapapasa kutafuta kitenge. Marthe alikuwa amekikalia.

"Lia, mwana wangu."

Eliane akalia, kwanza kwa kujiiba, kisha kwa sauti yake yote. Marthe akainamisha kichwa akasikiliza. Aliwasikia binti zake wote wawili wakilia, mmoja kitandani, mmoja mgongoni mwake, na hakuthubutu kugeuka nyuma.