Rangi Nyekundu Kwenye Nati

Mume alikuwa amechoshwa na sifa za fundi baiskeli. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mkewe alipeleka baiskeli yake ya milimani ikafanyiwe sevisi ya shokapu za mbele, zile za kupunguza mtikisiko, akarudi jioni uso unang'aa. "Yule kaka ana mikono, wee acha tu!"

Mikono! Kwani yeye ana kwato?

Basi Jumamosi hii aliamka mapema, akatandika magazeti sebuleni, akaweka beseni la kukingia oili, akaiegemeza baiskeli ukutani. Leo angemwonyesha mikono ni kitu gani.

Alipoinamia nati mbili za chini ya shokapu, akasita. Kila nati ilikuwa na doa la rangi nyekundu linalopakwa kiwandani, ambalo hupasuka nati ikizungushwa hata mara moja. Madoa yote mawili yalikuwa mazima.

Akadhani macho yanamdanganya. Akafungua, akagonga kwa nyundo ya mpira. Oili ikachuruzika ndani ya beseni, nyeusi tii, imejaa mchanga. Shokapu zile hazikuwahi kufunguliwa tangu baiskeli inunuliwe. Na mkewe alikuwa akiipeleka sevisi kwa miezi minane sasa.

Mkewe akatokea mlangoni, amevaa, amejipulizia manukato. "Jamani, mbona unajisumbua? Nilikuwa naipeleka kwa fundi sasa hivi."

Mume akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Wewe nenda tu, mke wangu," akasema. "Baiskeli iache."