Fito Kumi na Mbili

Asubuhi ile gundi ilichemka upesi kuliko siku zote, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mzee Patasi aliingia karakanani, akatundika koti lake, akapeleka mkono nyuma ya mlango. Mkono ukarudi mtupu. Akachungulia, kisha akageuka kutazama jiko la gundi.

"Nani kawasha moto huu?"

"Mimi, babu," alijibu msichana aliyekuwa akipiga randa. Alikuwa mtoto wa kaka wa mwenye karakana, ametoka chuo cha ufundi miezi miwili tu, na mzee alikwishambandika jina la Injinia. "Nimefagia na nyuma ya mlango. Palikuwa na vijiti vimejaa vumbi."

"Vijiti!" Mzee akajibwaga juu ya benchi. "Milango kumi na miwili ya zahanati umeipikia gundi. Hongera, Injinia."

Mama mwenye karakana alisikia, akaweka kikombe chake chini. Karakana aliirithi kwa baba yake, na Mzee Patasi alikuwamo kwenye urithi huo. Vijiti vile vilikuwa fito za kupimia, na kila ufito ulikuwa mlango mmoja. Wiki iliyopita mzee alikwenda zahanati, akausimamisha ufito kwenye kila fremu, akatia alama kwa kisu: urefu upande huu, upana upande ule. Namba hakuandika hata moja. Milango ilitakiwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Lakini ramani ninayo, shangazi," alisema msichana. "Milango yote inalingana."

"Ramani haijui ukuta uliopinda," mzee alidakia. Akaanza kukusanya patasi zake. "Mwanangu, mimi na baba yako tumekula chumvi nyingi. Naona yangu hapa imekwisha. Niage vizuri."

Mwenye karakana akapiga hesabu. Milango ingeweza kuchongwa bila mzee. Kukaa kwenye fremu zake ni jambo jingine. Kumkaripia msichana kungekuwa rahisi: mmoja angelia, mwingine angepoa, na baada ya wiki mbili moto ungewaka tena. Ila kulikuwa na jambo lililomkereketa. Enzi za baba yake, Mzee Patasi alining'iniza futi ya chuma kiunoni kama askari na filimbi yake. Aliiona mara ya mwisho lini? Akakumbuka karatasi ya mteja, mzee ameishika mbali kana kwamba inanuka. "Nisomee, miwani nimeisahau nyumbani." Miwani hiyo ilikuwa imesahauliwa mwaka wa pili sasa.

"Hakuna anayekwenda popote ila zahanati," alisema. "Nyote wawili. Injinia atashika futi, atasoma kwa sauti, ataandika. Baba mdogo, wewe utapiga alama na kusema penye kasoro. Kila mlango uwe na ufito na namba. Ndio utaratibu wetu kuanzia leo."

"Nisomewe mimi, kama mtoto wa chekechea?"

"Wewe na baba, nani alikuwa anasoma futi?"

"Mimi. Yeye alipiga alama, ndiye mkubwa."

"Basi leo mkubwa ni nani?"

Mzee akavaa koti lake na kumwachia msichana abebe sanduku la vifaa.

Walirudi alasiri, msichana amejaa chokaa hadi kwenye nywele.

"Shangazi, ramani imetudanganya. Chumba cha sindano kimebana chini, vidole viwili vizima!"

"Anasoma mbio mno," mzee alinung'unika. "Lakini hakosei."

Kwa kinywa kile, hicho kilikuwa cheti.

Msichana alipanga fito mpya juu ya benchi. Kando ya alama za kisu, kila ufito ulikuwa na namba za rangi nyeusi, kila moja kubwa kama yai la kuku. Shangazi hakuwa amemwagiza hivyo.

Mzee Patasi akaokota wa kwanza. Hakunyoosha mkono kuusogeza mbali na macho. Akasoma namba kwa sauti, akataka apewe msumeno.